Kinyozi na Watoto wa Kuazima

Chama chetu cha kusomesha watu wazima kina sheria moja tu, na hiyo hiyo moja Mzee Kipara akaona aivunje. Anayekuja kujifunza kusoma aje na mtoto wa nyumbani kwake. Jumamosi wanasoma kitabu pamoja, kisha wanakibeba waendelee nacho nyumbani wiki nzima. Hata mwanafunzi wetu mmoja, mama muuza mkaa, anayebishana mpaka na kivuli chake, hajawahi kuibishia.

Mzee Kipara ni kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na chumba chetu kilicho juu ya duka la saruji, na ndiyo, kinyozi mwenyewe hana hata unywele mmoja. Siku ya kwanza alikuja na msichana mpole. Jumamosi iliyofuata akaja na mvulana. Iliyofuata akaja na mwingine, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mjukuu wangu, mwalimu."

"Mbona hajamalizwa kunyolewa?"

"Nitammalizia tukitoka."

"Mama ananisubiri kule kibandani kwake," mtoto akadakia.

Nikashika kiuno. Kumbe mzee alikuwa anaazima watoto wa wateja! Na kila mtoto alikuwa anaondoka na kitabu, vitabu vyenyewe tunavipata kwa kuombaomba. Ikawa kazi yangu kuzunguka mitaani nikigonga milango ya watu: "Samahani, hapa kuna mtoto aliyenyolewa Jumamosi?" Watu walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mzee alikuwa na bidii kuliko wote. Akipanda ngazi lazima asimame asome kwa sauti maandishi ya mifuko ya saruji, foleni nzima ikimsubiri nyuma.

Uvumilivu ukaniisha. Nikamwita pembeni. "Ama umlete mjukuu wako wa damu, ama usije tena."

Akajipangusa nywele za watu mikononi. "Ninaye mmoja tu, mwalimu. Siruhusiwi kukaa naye."

Akanieleza kwamba mwaka jana binti yake alimwachia mtoto. Mtoto akaanza kukohoa, babu akachukua chupa dirishani akamnywesha. Kumbe ilikuwa dawa ya kuchua magoti. Mtoto alilazwa, akapona, na binti akasema hatamwachia tena mpaka babu ajue kusoma anachompa.

"Sasa nitamleta vipi," akauliza, "na mpaka nisome ndipo nipewe?"

Nilikasirika upya, safari hii bila kujua nimkasirikie nani. "Endelea kuazima," nikamwambia. "Lakini vitabu vinabaki hapa!"

Muhula ulipokuwa unakaribia kwisha, mwanamke mmoja akapanda ngazi amemshika mtoto mkono. Hakusalimia wala hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Mzee Kipara, akatoa chupa ya dawa mkobani, akaiweka mbele yake.

"Soma, baba."

Damu ikanichemka. Mtu mzima na mvi zake, kama angekuwa nazo, anatahiniwa hadharani na mwanawe! Nikafungua mdomo, lakini mzee akainua mkono.

"Mwache, mwalimu. Ana haki."

Akaisogeza chupa karibu na macho. "Ti-ki-sa... tikisa chupa. Ka-bla ya ku-tu-mia." Jasho likamtiririka kichwani bila cha kulizuia. Alikwama, akarudi nyuma, akaanza tena. Muuza mkaa alitaka kumsaidia, nikamkata jicho. "Dawa ya ki-ko-ho-zi. Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili." Akaizungusha chupa, akasoma mpaka jina la kiwanda, ambalo hakuna aliyelihitaji.

"Haya," binti akasema. "Mpe."

Mzee akamtazama mjukuu wake, akamwekea sikio kifuani, akasikiliza. Kisha akairudisha chupa mkononi mwa binti yake.

"Hakohoi. Nimpe ya nini?"

Binti akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Alipogeuka, alimsukuma mtoto taratibu mpaka magotini pa babu yake.

"Nitampitia jioni, baba," akasema, akashuka ngazi.

Siku hiyo babu na mjukuu waliondoka na kitabu. Hakijarudi mpaka leo, na sijaenda kukigongea mlango.