Neno Moja na Mizunguko Mitatu ya Hendeli

Saa nne kamili asubuhi, redio ya yadi ya karavani inanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Hakuna anayeshangaa. Wiki hii ya Machi 2019 Johannesburg imo kwenye mgao wa umeme wa hatua ya nne, na Rosettenville, kitongoji cha kusini mwa jiji, kina zamu yake ya kukatiwa kama vingine.

Bakiri Mhando anaweka chini kikombe cha chai na kutazama karavani nyeupe iliyoegeshwa karibu na geti. Ubavu wake mmoja umetoka nje, kama droo ya kabati iliyosahauliwa wazi. Ndani ya ubavu huo kuna kochi, kioo kirefu na meza ya kujipodolea. Saa tano na nusu litakuja gari la kuivuta kuipeleka kwa wapiga picha za filamu, na karavani haiwezi kutia gurudumu barabarani ubavu ukiwa nje.

"Umeme ukiwepo unabonyeza kitufe, dakika moja droo imeingia," anasema. "Ukikatika, kitufe ndiyo mimi hapa."

Droo ndilo jina la chumba hicho hapa yadini. Karavani ina betri ya kuzungusha mota yake, lakini betri za hapa zimezeeka, na katizo la kila siku haliziachi zijae. Kwa hiyo Bakiri, mwenye miaka hamsini na miwili, anatandika gunia chini, analala chali na kujisukuma hadi uvunguni. Analegeza breki ya mota, anachomeka hendeli, anaanza kuzungusha.

Anahesabu kwa sauti. Akifika kumi anaacha, anatoka uvunguni, anajipangusa magoti, anazunguka karavani na kupanda ndani. Anakagua sakafu, pazia na pembe zote mbili. Kisha anashuka na kurudi kwenye gunia lake. Kumi nyingine.

Droo kuingia yote inataka mizunguko mia moja na arobaini. Maana yake Bakiri atalala na kuinuka mara kumi na nne. Watu wawili, mmoja uvunguni na mwenzake ndani akimpa taarifa, wangemaliza kazi hii kwa dakika kumi. Yeye peke yake inamla saa nzima, na wafanyakazi wengine wawili wa yadi wamekaa kivulini wanamwangalia. Wameshajitolea kumsaidia mpaka wamechoka.

"Sitaki mtu ndani," anasema, na hilo hajadiliani na mtu.

Zamani alikuwepo mtu ndani. Aliitwa Gustave Kasongo, mzaliwa wa Lubumbashi, na kwa miaka sita walifanya kazi hii pamoja. Bakiri, mtoto wa Ngamiani, Tanga, aliyeingia Afrika Kusini mwaka 2006, ndiye aliyemfundisha. Muislamu na Mkristo, walikula sahani moja mchana, na Ramadhani Gustave alikwenda kula nyuma ya stoo ili asimtamanishe mwenzake.

Gustave alimwita yaya. Kwa watu wa Lubumbashi ni kaka au dada mkubwa, jina la heshima. Kwa Bakiri ilikuwa kichekesho.

"Kwetu yaya ni mlea watoto," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Nilimwambia, wewe, mimi nimekunyonyesha chupa lini? Akasema, utazoea tu, yaya. Nikazoea kweli."

Mwanzoni mwa Desemba 2018 umeme ulikatika saa tisa alasiri. Karavani ilikuwa ya kuondoka jioni ile ile. Bakiri akaingia uvunguni, Gustave akapanda ndani, kama walivyofanya mara zisizo na idadi.

Karakana ya jirani, inayonyoosha mabodi ya magari, iliwasha jenereta. Kelele zikajaa yadi nzima. Droo ilipokaribia kufika, pazia likanaswa kwenye ukingo wa sakafu. Gustave akapitisha mkono wa kulia penye upenyo uliobaki kati ya droo na ukuta ili alivute.

Uvunguni, Bakiri alihisi amekaribia mwisho. Akapaza sauti: "Vipi, tayari?"

Kutoka ndani, katikati ya mngurumo wa jenereta, likamjia neno moja tu: "Bado!"

"Mimi nilikuwa nauliza kama droo imefika," anasema Bakiri. "Nikasikia bado, nikajua bado haijafika, imebaki kidogo. Nikazungusha. Moja, mbili, tatu."

Gustave alikuwa akiujibia mkono wake. Bado hajautoa.

Mtu anaweza kudhani mzungushaji angeona hendeli imekuwa nzito. Bakiri amechoka kuulizwa hivyo. Anamwita mwandishi wa simulizi hii, anamlaza kwenye gunia na kumkabidhi hendeli, kisha yeye anapanda ndani na kuweka kipini cha fagio penye upenyo. Anashuka, anachutama pembeni.

"Zungusha tatu."

Mwandishi anazungusha. Hendeli inakwenda laini, mzunguko wa tatu sawa na wa kwanza. Ndani, kipini cha fagio kimekatika vipande viwili. Mwandishi anatoka uvunguni, anapanda na kuviokota.

"Ina gia ndogo inayovuta kubwa," anasema Bakiri taratibu. "Ukibana zulia, ukibana pazia, ukibana mtu, mkononi ni sawasawa. Haikwambii. Ningepewa nafasi ya kuhisi hata kidogo tu, Wallahi ningeacha."

Gustave alipoteza vidole viwili, cha shahada na cha kati. Hospitalini waliokoa cha pete, lakini hakikunjiki.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jeraha la kazini. Kwa Gustave lilikuwa la kazi mbili. Akitoka yadini alikuwa fundi cherehani, na wiki ile alikuwa ameshakata majoho ya kwaya ya kanisa lake kwa ajili ya Krismasi. Karavani zilimpa randi mia moja na themanini kwa siku, zikaishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Chakula na karo za watoto vilitoka kwenye makasi.

Mwenye yadi, André, ambaye wazazi wake walitoka Ureno, alilipia matibabu ya siku za mwanzo na akasema nafasi ya Gustave ipo akitaka kurudi. Gustave hajarudi. Kuhusu Bakiri, André ana malalamiko yake: karavani zinachelewa. "Eish, huyu mzee," anasema. "Anafanya kazi ya dakika kumi kama anaosha maiti. Lakini nikimwambia aharakishe ananitazama, basi naondoka."

Hakuna aliyemshtaki Bakiri. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Pengine ingekuwa nafuu. Tangu siku ile amepiga marufuku neno bado yadini. Anayetaka asubiriwe aseme simama, anayetaka kazi iendelee aseme zungusha, na atakayeuliza kama chai imeiva asijibiwe kwa neno lile. Vijana walidhani mzaha mpaka siku mmoja wao alipoteleza ulimi na Bakiri akaenda kukaa nyuma ya stoo hadi jioni.

Kila Jumapili huenda Doornfontein, karibu na katikati ya jiji, kumjulia hali Gustave nyumbani kwake. Amekwenda mara kumi na tano. Hubeba mkate na maziwa, hukaa kwenye kiti kile kile karibu na mlango, wakazungumza habari za mvua, za mpira na za umeme, kisha akaaga. Ana jambo moja la kuuliza na mara zote kumi na tano amelirudisha Rosettenville likiwa kifuani.

"Nataka kujua kama amenisamehe," anasema, akifuta hendeli kwa kitambaa cha mafuta. "Sina jingine. Akisema hapana nitajua pa kuanzia. Lakini nikiutazama ule mkono, naishia kuuliza habari za mpira."

Kuna jambo moja lililokwisha kumchoma. Siku alipokwenda hospitalini, Gustave alimpokea kwa adabu: "Karibu, Monsieur Bakiri." Na tangu hapo ni Monsieur Bakiri, bwana kwa Kifaransa, kama anavyoitwa mgeni. Yaya haijasikika tena.

Jumapili ya kumi na sita, mwandishi anafuatana naye. Jengo lina ghorofa nne, lifti yake ilikufa miaka mingi iliyopita, na ngazi zinanuka sabuni na samaki mkavu. Chumba cha Gustave kiko ghorofa ya tatu. Cherehani ipo dirishani, imefunikwa shuka. Pembeni yake yamepangwa majoho ya buluu, yaliyokatwa na hayajashonwa. Krismasi ilipita, kwaya ikaimba na nguo za zamani.

"Karibu, Monsieur Bakiri," anasema Gustave, mwenye miaka thelathini na tisa. Anaanza kutoa mkono wa kulia, anabadilisha, anatoa wa kushoto.

Mkewe, Thérèse, ni msusi. Sasa anasuka hadi Jumapili alasiri akitoka kanisani. Anamimina chai akizungumza na mwandishi kwa sauti ya chini, ingawa chumba ni kimoja na kila mtu anasikia.

"Anaamukaka asubui, anakamata makasi, inaanguka," anasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Anakamata tena. Mi naangaliaka tu. Nikimwambia acha, anakasirika. Nikinyamaza, anakasirika."

Gustave hamkatizi. Akiulizwa kuhusu siku ile, anajibu akitazama dirishani.

"Miye nilisema bado. Mukono yangu ilikuwa ndani, nikasema bado. Ningesema nini ingine?" Anakunywa chai. "Usiku ninafikiri, ningesema simama. Neno iko pale, rahisi. Lakini yeye aliuliza tayari. Muntu akikuuliza tayari, unajibu bado. Njo vile."

Mtoto wa jirani anapita koridoni akiimba kwa Kizulu. Bakiri anaweka kikombe sakafuni, anakiinua tena, anakiweka.

"Gustave, ndugu yangu," anasema hatimaye. "Gustave. Nilikuwa nataka kukuuliza. Umenisamehe?"

Thérèse anaacha kukoroga sukari. Gustave anautazama mkono wake wa kulia uliolala gotini, anaugeuza, anautazama upande wa pili.

"Bado," anasema.

Hatazami kando, wala hana hasira usoni. Kisha anauliza kama yadini karavani kubwa ya droo mbili imeshauzwa, na Bakiri anajibu kwamba haijauzwa, na wanazungumza habari zake mpaka chai inapoisha.

Kwenye ngazi Bakiri anashuka polepole, ameshika ukuta. Mwandishi anadhani analia, na kweli analia, lakini akifika chini anajifuta kwa mkono wa shati na kusimama wima.

"Umesikia?" anauliza. "Hakusema hapana."

Wanatembea hadi kona yenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa. Zimezimika, na magari yanapishana kwa kubahatisha. Bakiri anasubiri kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Siku ile aliniambia bado, mimi nikaendelea kuzungusha," anasema. "Safari hii nimemwelewa. Bado ni kusubiri. Nitasubiri."

Anasema vijana wa yadi anaweza kuwaruhusu walitumie lile neno, pengine kuanzia kesho, ingawa si wakiwa karibu na hendeli. Kisha anatoa simu na kutafuta ratiba ya mgao. Jumapili ijayo Doornfontein itakatiwa saa nane mchana. Anapanga kufika saa sita, na wakati wa kuaga alimwomba Thérèse amwachie majoho mawili ya kwaya. Marehemu mama yake alimfundisha kushona kwa mkono, na Gustave akikubali, Bakiri atakaa kwenye kiti chake karibu na mlango na mwenzake amwelekeze wapi pa kupitisha sindano kabla umeme haujakatika.