Bei za Darubini Nyuma ya Mlango Wetu

Mwanangu Agnetha ana miaka ishirini na minne na ni fundi simu hapa Masumbwe. Simu za wachimbaji huingia vumbi la mawe hadi ndani kabisa, kwa hiyo kazi haimpungukii. Ufundi aliupata kwa Nuruddin, mwenye kibanda karibu na soko, na kwa miaka mitatu alitumia vifaa vya Nuruddin.

Mwishoni mwa mwezi wa pili Nuruddin alitangaza kwamba mwezi wa tatu ukiisha anahamia Kahama na vifaa vyake vyote. Kibanda angemwachia Agnetha kwa sharti moja: awe na darubini yake mwenyewe, ile ya kuangalia vitu vidogo vya ndani ya simu. Asipoipata, kibanda kingekwenda kwa Boaz, fundi wa mtaa wa pili, ambaye anayo tayari.

"Sikunyimi," alimwambia, "lakini fundi anayepapasa ataniharibia jina."

Masumbwe darubini hizo haziuzwi. Agnetha aliikuta kwenye duka la mtandaoni kwa laki tano na ishirini, naye alikuwa na laki nne na nusu, akiba yake pamoja na mpunga tuliouza. Nikamwambia akakope. Akasema bei za mtandaoni hazitulii, tungoje. Akatafuta chaki, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini akawa anaandika siku na bei nyuma ya mlango wetu wa mbele.

Mimi si mtu wa kungoja. Nimeishia darasa la saba, lakini simu najua kuitumia, na duka lile alikuwa ameniwekea kwenye simu yangu. Nalifungua nikipepeta mchele, nalifungua nikitoka kanisani. Laki tano na kumi. Laki tano na thelathini na tano. Jumanne moja nikaona laki nne na sabini, na Agnetha yuko kazini. Nikabonyeza palipoandikwa weka kikapuni.

Nilijua nimefanya kama tunavyofanya kwa Zakia muuza vitenge. Unamwambia niwekee, anakishusha kitenge kwenye kamba na kukificha chini ya meza, na bei mliyosemezana haibadiliki hata ukirudi baada ya wiki mbili. Siku ile nilipika nikiimba.

Kesho yake niliangalia kikapu changu: laki tano na tano. Nilidhani nimeibiwa. Nikaenda kibandani na kueleza yote mbele ya wateja. Nuruddin alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mama Agnetha, umemwambia niwekee mtu ambaye hata hajui kama upo."

Agnetha hakucheka. Alinipa kiti, akanieleza taratibu kwamba kikapu kile kinakumbuka unachokitaka tu, hakimfungi mwenye duka.

Jumapili iliyofuata ujumbe uliingia kwenye simu yangu kwa maandishi mekundu. Bei ya zamani, laki sita na tisini, ilikuwa imekatwa kwa mstari. Chini yake laki nne na sitini na tano, na saa tatu tu zimebaki. Nikaanza kuhesabu kuku wangu wa kuuza ili kujazia. Nikamwita Agnetha. Hakuitazama simu, alitazama mlango.

"Mayu," aliniita mama kwa kikwetu, "haijawahi kufika laki sita hata siku moja. Huo mstari wamechora tu."

"Na hizo saa zikiisha?"

"Wataweka nyingine. Ona, Jumanne ndiyo siku yake ya kushuka. Hela yangu haijafika, nangoja Jumanne."

Jumanne ikafika, bei laki nne na themanini. Siku ile ile Boaz alipita kibandani na kamba ya kupimia, akauliza kibao chake kitakaa upande gani. Jioni nilimwambia mwanangu maneno makali, kwamba kiburi kitamkosesha kazi. Aliandika bei yake mlangoni, akala, akaosha vyombo. Wiki nzima sikumwona akifungua duka lile zaidi ya mara moja kwa siku.

Jumanne ya mwisho kabla Nuruddin hajahama, alfajiri, nilisikia chaki ikigonga mbao. Laki nne na thelathini na nane. Alilipa amesimama pale pale, na iliyobaki ikatosha nauli ya mzigo kwenye basi. Siku nne baadaye tuliifuata stendi, mimi nimebeba boksi kama mtoto mchanga.

Nuruddin aliifunga mezani, akaweka chini yake simu iliyoshindikana kwake tangu wiki iliyopita, akampisha Agnetha kwenye kiti. Nilisimama mlangoni. Baada ya muda simu ikawaka. Nuruddin alitoa ufunguo wa kibanda mfukoni na kuuweka karibu na mkono wa mwanangu, kisha akaanza kufungasha vifaa vyake.

Mlango sijaufuta. Mchungaji amekwisha kuja kuomba bei ya kinanda anachokitaka iandikwe hapo, na mama wa jirani anataka friji. Jana nilifungua duka, darubini ni laki tano na sitini. Nilizunguka na simu soko zima, nikimwonyesha bei hiyo kila aliyenisalimia.