Mreteni wa Taban na Maji ya Udhu

Rangi ya kahawia ilianzia ndani, karibu na shina, ikaenda ikitoka nje kama kutu. Taban aliiona asubuhi moja alipotoka na chai yake kwenye roshani ya fleti yao, Bugolobi. Chai ikapoa mkononi.

Mti wenyewe ni mreteni, wenye majani kama sindano, umepandwa kwenye chungu kisichozidi bakuli la pilau: bonsai, mti uliopogolewa na kupindwa kwa waya hadi ukawa mzee bila kurefuka. Taban alikuwa fundi wa malori. Mgongo ulipomtoa gereji, mti huo ndio kitu pekee kilichobaki kikiitaka mikono yake. Ukifa, hatakuwa na chochote cha kutengeneza.

Akaushughulikia kama injini: hakufungua kitu kabla ya kuuchunguza. Alishika karatasi nyeupe chini ya tawi, akaligonga kwa kidole, kisha akalisugua vumbi lililoanguka. Kama ni utitiri, karatasi ingebaki na michirizi myekundu. Haikubaki na kitu. Akakwangua gome kwa ukucha. Upande wa kushoto, pakavu. Upande wa kulia, kijani kibichi.

Arsène, Mkongomani anayeuza miche kando ya barabara pale chini, aliitwa, akapanda ngazi akihema.

"Papa Taban, hii ni kiu. Mti unadai maji."

"Udongo umelowa, na mimi sijaumwagilia."

Arsène alichomeka kidole, akakitoa na tope, akakinusa. "Basi kuna mtu anaunywesha kukushinda. Ndugu za mti huu wanaishi milimani, kwenye jua na upepo. Wewe umeuweka ndani ya supu."

Walipoutoa chunguni, mizizi ya kushoto ilikuwa myeusi, ngozi inavulika kama soksi. Lakini maji yalitoka wapi? Mvua haifiki pale, roshani ya juu inakinga. Taban alikuwa akipapasa ukuta akitafuta bomba linalovuja, adhana ya adhuhuri ikaingia. Mama yake, Bi Halimah, akatoka na birika na kigoda chake.

"Mti uko wapi?"

"Tunautibu, Mama."

"Na mimi miguu nitaoshea wapi?"

Arsène akageuka kutazama barabara.

Bi Halimah hakupenda maji ya udhu yaingie shimo moja na ya choo. Kwao Bombo aliyamwaga kwenye migomba. Alipoletwa fletini, akatafuta udongo, akaupata mahali pamoja tu. Sala tano kila siku, mikono, uso na miguu.

Taban aliwahi kumwambia tajiri mwenye malori kwamba mwanawe huyo tajiri ndiye aliyeua injini. Hilo lilikuwa rahisi zaidi.

"Mama, maji yako ni mengi kwa mti huu. Mizizi imeoza."

Bi Halimah aliuchukua mzizi, akaunusa mwenyewe, akaurudisha polepole.

"Kumbe nilikuwa nauombea huku nauzamisha."

"Hukujua."

"Na wewe, fundi? Siku zote nimekaa hapa, ulidhani nahesabu magari?"

Mama yake akikunja mikono ya gauni kwa udhu, Taban hugeuza uso; ndivyo alivyolelewa.

Alikata mizizi yote iliyooza, akaupanda mti upya kwenye matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, yasiyoshika maji, akaurudisha kwenye jua lake. Mbolea hakuweka, mizizi iliyokatwa ingeungua. Arsène naye alimletea Bi Halimah beseni kuukuu lenye magimbi.

"Haya, Mama, hayashibi. Yaogeshe utakavyo."

"Haya yana adabu," alisema Bi Halimah, akasogeza kigoda.

Ukaja wakati wa kungoja, na mreteni hauna haraka ya kukwambia kama umekufa. Kila asubuhi mama na mwana waliinama juu ya chungu. Hatimaye ncha za matawi ya kulia zikatoa kijani chepesi, laini kuguswa.

"Na wa kushoto?" aliuliza Bi Halimah.

"Huo haurudi. Nitaugeuzia ukutani."

"Kwa nini uufiche? Ni mimi niliyeuua, nataka nione."

Taban akachukua kisu, akalimenya gome tawi lililokufa mpaka likabaki jeupe kama mfupa. Kisha akakigeuza chungu, upande ule ukamtazama mama yake.