Mafuta ya Nyonyo

Leo kanisani mwanamke aliyekaa mbele yangu alinukia mafuta ya nyonyo, nikashindwa kuimba.

Mama alinipaka hayo kila asubuhi ya baridi kule Mbozi, taratibu, kuanzia shingoni. Shuleni wasichana wakubwa walijiziba pua. "Taa ya nyonyo imefika! Iwasheni!" Nikaanza kujisugua kwa majivu kijitoni kabla ya darasa. Siku moja Mama akanikuta.

"Wanakucheka?"

"Wanasema nanuka, Mama."

Akanikausha miguu kwa kanga yake.

Kesho yake nilisimama mbele yake, nimeinamisha shingo kama kawaida. Akanipa kibao changu cha kuandikia. "Nenda, mwanangu, utachelewa."

Labda alinihurumia, labda nilimuumiza. Nilingoja, bado nimeinama, lakini mikono yake ilikuwa imeshashika jembe.