Nguzo Zilizopakwa Oili

Nduku hajui kufanya kazi nusunusu, na hapo ndipo tulipoharibu. Alipoona wale nyuki weusi wanene wakitoboa nguzo za pasheni zake kule Theta, alinipigia simu mimi, mke wa fundi wa magari. Nikampelekea mtungi wa oili chafu ya injini. Akapaka kila nguzo, akaziba kila shimo kwa udongo, na Kyengo, mume wake, akamsifu.

Sasa maua yanafunguka adhuhuri, jioni yanajikunja, kesho yake yako chini. Tunda hakuna. Na Kyengo alimpa msimu mmoja tu: pasheni zisipozaa, anang'oa ajenge nyumba za kukodisha.

"Aki Nekoye, nimekosea wapi?" aliniuliza.

Afisa wa kilimo, Gachau, ndiye aliyetueleza. Ua la pasheni ya njano hungoja chavua ya mmea mwingine, na lazima iletwe na mdudu mkubwa.

"Nyuki wa asali ni mdogo, huyo anakuja kuiba tu," alisema. "Hao weusi ndio wameshikilia hapa. Mbaazi, kunde, hata kichaka cha huko mtoni, vyote vinawategemea. Mliwafanya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nduku hakunitaja. Alianza kubeba chavua kwa vidole, ua kwa ua, lakini maua ni mamia na yeye ana mikono miwili. Akaacha hata kula.

Boriti ya jikoni kwangu, mtaani Kiuu, imejaa hao nyuki, nimewalaani miaka. Walipoingia kulala, niliziba mashimo kwa vitambaa, nikamwambia mume wangu aikate.

"Mama Cindy, uko sawa kweli?"

"Kata!"

Kesho yake tuliifunga kwenye nguzo ya Nduku. Adhuhuri Nduku akavuta vitambaa. Nyuki wa kwanza akazunguka juu yetu, akaelekea mtoni, akapotea. Wa pili vilevile. Wote wakaenda.

Saa kumi Kyengo alikuja na tepu, akaanza kupima upande wa barabara. Tulikaa tukiitazama boriti tu, maua yakianza kujikunja.

Ndipo mmoja akarudi. Alitua kwenye shimo lake, mgongo mzima umejaa unga wa njano.

Nduku alisimama huku akilia. "Baba Mwau," akamwita mumewe, "kunja hiyo tepu."