Printa Iliyogomea Orodha ya Magomeni

Hasidi hana sababu, husema watu wa kwetu pwani. Mimi nilikuwa nazo, tena nyingi. Mwenzangu wa chumba cha kompyuta, kijana wa Kilimanjaro, alinikuta pale kazini, na mimi ndiye niliyemwonyesha hata swichi ya kuwashia. Mwaka wa pili akapelekwa Ulaya miezi sita kwa kozi. Alirudi na viatu vyenye visigino vya kulia sakafuni na kitabu kinene cha mashine, akakifungia kwenye mtoto wa meza yake. Wasichana wa kutoboa kadi za kuingizia majina kwenye kompyuta walicheka kila alilosema, hata lisilochekesha. Nilimwonea wivu mpaka chakula cha mchana kikanishinda kula.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, Kariakoo, katika shirika lililogawa bidhaa adimu. Ilikuwa miaka ya ujamaa na foleni: sukari, unga, sabuni, vyote kwa orodha. Kompyuta ilichapa majina ya wakuu wa kaya, orodha zikapelekwa kwenye maduka ya ushirika, na asiyekuwamo hapati. Mwezi ule ikaja habari ya nafasi moja ya kusoma nje miaka miwili. Mkuu wetu angependekeza mmoja kati yetu wawili. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na zaidi ya kuitaka, sikutaka aipate yeye.

Ndipo printa ikagoma. Orodha ya Upanga ilitoka, ya Kariakoo ikatoka. Ya Magomeni, kwetu, ikifika ukurasa wa saba mashine nzima inaduwaa, taa zinawaka lakini haifanyi lolote. Unaizima, unaiwasha, inakwama palepale. Mwenzangu akasema ni umeme. Alishinda siku mbili na fundi wa umeme, visigino vikilia huku na huku, na mimi nilikaa pembeni nimekunja mikono nikiona raha.

Siku ya tatu nikaitafuta kadi ya jina lililokuwa likisubiri zamu pale ilipokwama. Lilikuwa refu, la mama mmoja. Watu wa pwani hatutaji jina nusu. Ukimuuliza mtu anakupa lake, la baba, la babu, na akiwa na nafasi anaongeza. Lakini mwezi uliopita jina hilohilo lilichapwa salama. Nikakumbuka waraka: kuanzia mwezi ule hakuna tena Bwana wala Bibi, kila mwananchi aandikwe Ndugu. Palipokuwa na "Bi." pamewekwa "Ndugu". Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Mstari ulikuwa na herufi themanini na mbili.

Programu inayoiendesha printa ilitengewa nafasi ya herufi themanini kwenye kumbukumbu ya mashine, na hakuna aliyeiambia ihesabu kabla ya kuandika. Ilifanya kama mpangaji aliyejaza chumba chake, kabati likaishia kwa jirani. Na jirani yule ndiye aliyetunza anwani ya mahali pa kurudi kazi ya kuchapa ikiisha. Herufi mbili zikaifuta anwani, mashine ikapotea njia.

Sikumwambia mwenzangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Mwenzangu aliposikia akaja mbio.

"Bwana wee, umeiona! Mimi nahangaika na umeme tu."

Alifurahi kweli, na hilo liliniudhi kuliko kama angenuna.

"Sasa tuifanye ihesabu, na jina likizidi lishuke mstari wa pili," akasema. "Nipe mpaka kesho jioni. Kitabuni kuna mfano."

Kitabuni! "Watu wanasubiri sukari," nikamjibu. "Naimaliza leo."

Nikaiandikia amri ya kuhesabu, lakini kila kilichozidi nikakitupa. Na ili nisisumbuliwe tena mbele ya mkuu, nikashusha kikomo cha jina mpaka herufi ishirini.

"Unakata majina ya watu?" akauliza.

"Nani atakufa kwa kukosa herufi?"

Orodha ya Magomeni ikatoka yote. Mkuu akanishika mkono mbele ya wasichana wa kadi. Jioni nikamwambia mama yangu kwamba mashine iliyowashinda waliokwenda Ulaya nimeitengeneza mimi.

Jumamosi mama akaenda kupanga foleni alfajiri. Alikuwa mjane, kaya iliandikwa kwa jina lake. Mtaani alikuwapo mama mwingine mwenye jina lake na jina la baba yake. Walipishana kwa babu tu, na babu nilishamkata. Muuzaji akaona mistari miwili inayofanana, mmoja umeshatiwa sahihi, akasema huu wa pili ni ujanja. "Umeshachukua, mama, usirudi mara mbili." Foleni ikamzomea. Alirudi na kikapu kitupu, na yaliyompata nikayasikia kwa jirani.

Jumatatu nilimkuta mwenzangu ameshafika kabla yangu. Malalamiko yalikuwa yamemfikia mkuu. Mwenzangu akakaa na mashine mpaka alasiri, programu ikahesabu, majina marefu yakashuka mstari wa pili, na orodha mpya akaipeleka Magomeni mwenyewe. Siku hiyohiyo mkuu alipeleka jina la atakayekwenda kusoma. Halikuwa langu.

Nilipofika nyumbani jioni mama alikuwa anakoroga chai.

"Kaja kijana wa Kichaga pale dukani na orodha," akasema. "Kaniamkia vizuri, kalisoma jina langu lote mpaka la babu yangu, mbele ya walewale walionizomea. Kaniomba radhi, na kosa si lake." Akanisogezea kikombe. "Hivi ulisema nani aliitengeneza ile mashine?"

"Ni yeye, mama."

"Nilijua," akasema. "Watoto wa watu wamelelewa."