Maumivu Yasiyovimba

Mama mkwe wangu ana baridi yabisi. Vidole vyake vimevimba na kupinda, kwa hivyo hakuna anayemuuliza kama anaumwa kweli. Mimi niliumwa kuanzia shingo hadi nyayo, na sikuwa na uvimbe wowote wa kuonyesha. Kila tulipomtembelea kwake Mbeere, aliwaambia wanawake wenzake wa kanisa, mimi nikiwa papo hapo nachagua ndengu, "Mtoto wangu alioa mvivu. Kazi yake ni kulala." Walicheka. Nikaweka moyoni.

Siku yake ya kliniki mjini Meru nilijitolea kumpeleka. Nilikuwa nimeshapimwa damu na kupanga nionwe na daktari huyohuyo.

"Tuingie pamoja, mama, unisaidie kusikiliza," nilimwambia kwa upole. Moyoni sikuwa na upole wowote.

Daktari aliibonyeza mikono yetu kwa zamu. "Mama, viungo vyako vinavimba, vina joto, na asubuhi vinakakamaa zaidi ya saa nzima. Kinga ya mwili wako inavishambulia." Akanigeukia. "Wewe viungo vyako ni vizima, na vipimo vya damu ni safi. Lakini umenieleza kwamba mwili wote unauma, unaamka umechoka kama hukulala, na unasahau hata ulichotaka kusema. Hiyo ni fibromialjia. Neva zinakuza maumivu. Si uvivu, wala hujifanyi."

"Hapo mwisho sikusikia vizuri, daktari," nilisema. Nilikuwa nimesikia.

Akarudia kwa sauti. Mama mkwe akainamia viatu vyake.

Jumapili iliyofuata wale wanawake wa kanisa walikuja kwake baada ya ibada, nami nikiwapo. Akaniamuru nilete chai. Sikuinuka.

"Kwanza waambie daktari alisema nini juu yangu."

"Si uwaambie wewe?"

"Mimi ni mvivu, mama. Waambie wewe."

Aliwaambia kwa Kimbeere, polepole, akikwama kila mahali. Nilimtazama usoni mpaka akamaliza. Aliyekuwa akicheka kuliko wote akaninong'oneza, "Hata mimi huamka hivyo, nimechoka, mwili wote unauma."

"Nenda hospitali," nikamjibu, basi.

Mama mkwe akaenda mwenyewe kuleta chupa ya chai. Aliishika kwa mikono miwili, akazungusha kifuniko kwa vidole vyake vilivyopinda. Najua kinavyouma kifuniko kile. Nilinyoosha kikombe changu, nikamwacha amimine mpaka kikajaa.